Mtaji na ugonjwa katika sanduku moja: jibu kwa dada wa Isevya, Tabora

Swali

Assalaam alaykum. Sisi ni akina mama 24 wa Isevya, mjini Tabora. Wengi wetu tuna magenge, na wengine wanauza vitenge, asali na chakula. Mwaka jana tulijitoa VICOBA kwa sababu ya riba, tukaanzisha kikundi chetu wenyewe. Kila Jumamosi kila mmoja anaweka 2,000, na mwenye haja anakopeshwa bila nyongeza. Mwaka umekwisha na sandukuni kuna 310,000 tu. Wenzetu watatu wanadaiwa jumla ya 870,000 na wamesimama kulipa kwa sababu ya maradhi: mmoja alijifungua kwa upasuaji, mwingine mtoto wake alilazwa, wa tatu mumewe aliumia akiwa kwenye bodaboda. Sasa kuna wanaotaka tuweke ada ya asilimia tano kwa kila mkopo, kuna wanaotaka tuwasamehe hao watatu yaishe, na kuna wanaotaka tuombe zaka msikitini tujazie sanduku. Tena tunabishana kama kadi ya bima ya afya inamfaa Mwislamu. Tufanyeje?

Jibu

Waalaykum salaam, dada yangu. Umeandika tarakimu, na hilo limenirahisishia kazi, kwa sababu barua nyingi ninazoletewa na vikundi zina malalamiko mengi na hesabu chache. Nimezikokotoa zako. Wanachama 24 wakiweka 2,000 kwa wiki 52 wanapata 2,496,000. Ukitoa 310,000 zilizomo sandukuni na 870,000 za wale watatu, zinabaki 1,316,000, ambazo kwa maelezo yako ziko mikononi mwa wanachama wanaoendelea kurejesha kama kawaida. Kwa hiyo wanachama 21 hawana tatizo la kulipa, na anayedai kwamba kikundi kimekwama kwa sababu mmekopeshana bila riba hajalitazama daftari.

Mlichokosea ni kingine. Zile 870,000 ziliandikwa daftarini kuwa mtaji wa biashara, lakini zilikwenda kulipia upasuaji, dawa za dukani, nauli na chakula cha mgonjwa aliye wodini. Mlidhani mnakopesha biashara, kumbe mlikuwa mnaendesha bima ya afya isiyo na kanuni, isiyo na kiwango cha mwisho, na yenye masharti ya mkopo juu ya kichwa cha mtu ambaye genge lake limefungwa. Fedha ya biashara na fedha ya ugonjwa zina mikataba miwili tofauti katika sheria ya dini na katika hesabu, na karibu kila swali mlilobishania linapata jibu lake mkishazitenga. Kwa masuala ya fatwa mtamwona sheikh wenu; mimi kazi yangu ni vikundi na madaftari, na niyajuayo katika fiqhi ya muamala, yaani sheria ya dini ya biashara na madeni, nimeyapata kwa kukaa na wenye elimu na kuuliza.

Nianze na ada ya asilimia tano, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu kuwaponyoka. Aliyekopa 100,000 akirudisha 105,000, zile 5,000 ni nyongeza juu ya karadha, yaani mkopo, na kuziita ada hakubadilishi kitu. Kinachokubalika ni kumtoza mkopaji gharama halisi ya kumhudumia, na hilo lilipitishwa na Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, kwa sharti kwamba kinachozidi gharama halisi ni riba. Gharama zenu halisi ni zipi? Daftari, kalamu, fomu, na nauli ya katibu anapokwenda benki. Zijumlisheni za mwaka mzima, mzigawe kwa idadi ya mikopo, na mtakuta kila mkopo unabeba labda shilingi mia nane au elfu moja. Kiasi hicho kiwe kimoja kwa aliyekopa 30,000 na kwa aliyekopa 300,000, kwa sababu karatasi na kalamu ni zile zile. Ada inayopanda kadiri mkopo unavyopanda inajitangaza yenyewe kuwa ni kitu gani. Faini ya kuchelewesha marejesho nayo ina hukumu yake. Mnaweza kuiweka ili kuzuia uzembe, lakini itoke kama sadaka kwenda nje ya kikundi, isiingie katika faida yenu hata senti.

Lakini naelewa kilichowasukuma waliotaka ada. Sanduku linalokopesha tu bila kuzalisha halikui, na bei za sokoni zinapanda. Njia ya kulikuza ipo, na wafanyabiashara wa Tabora wanaijua tangu zamani kwa jina la mali kauli: unachukua bidhaa leo, unalipa ukishauza, na bei ya mali kauli mara nyingi huwa juu kidogo ya bei ya taslimu. Murabaha ni ndugu yake aliyevaa rasmi. Kikundi kinanunua bidhaa, kinaimiliki, kisha kinamwuzia mwanachama kwa bei ya ununuzi pamoja na faida inayotajwa wazi, na analipa kwa mafungu.

Tuchukue mfano wa mwenzenu anayeuza asali. Anasema anahitaji madumu matatu ya lita 20 yanayotoka Sikonge. Tuseme kila dumu ni 160,000. Kikundi kinawatuma wanachama wawili, na yeye muuza asali akiwepo kwa ajili ya kuionja na kuikagua, kwa sababu jicho lake kwenye asali ni bora kuliko lenu nyote. Wanalipa 480,000, wanachukua risiti yenye jina la kikundi, wanalipa guta 10,000, na madumu yanashushwa nyumbani kwa mwenyekiti. Hadi hapo gharama ni 490,000 na asali ni mali ya kikundi. Ndipo mnakaa naye na kuandikiana: tunakuuzia madumu haya matatu, yametugharimu 490,000, faida yetu ni 49,000, utalipa 539,000 kwa wiki saba, kila wiki 77,000. Akipata dharura akamaliza kwa wiki kumi, deni linabaki 539,000 lile lile.

Utaniuliza, na nimeulizwa mara nyingi, tofauti iko wapi kati ya 49,000 hizo na riba ya asilimia kumi. Tofauti ipo kwenye guta. Kifuniko cha dumu moja kikipasuka njiani, asali ikamwagika nusu barabarani kabla hamjamwuzia, hasara ni ya kikundi. Huwezi kumpelekea muuza asali dumu lenye nusu na deni zima. Mkopeshaji wa riba haguswi na dumu lililopasuka. Yeye fedha yake ilianza kuzaa tangu ilipotoka mkononi. Faida yenu ni halali kwa sababu mlisimama, hata kama ni kwa saa tatu, mahali ambapo mngeweza kupata hasara.

Ndiyo maana nawatahadharisha na murabaha ya karatasi. Niliwahi kukagua daftari la kikundi kimoja, ambacho sitakitaja, lililoandikwa vizuri kuliko madaftari mengi: tumemwuzia mwanachama fulani doti ishirini za vitenge, gharama kadhaa, faida kadhaa, sahihi za pande zote mbili. Nikaomba risiti ya duka. Ikaletwa ikiwa na jina la mwanachama mwenyewe, na tarehe yake ilikuwa siku tatu baada ya mkataba. Maana yake kikundi hakikununua chochote. Kilimkabidhi fedha taslimu akajinunulia, na ile faida ilikuwa riba iliyofunikwa kitenge. Waliohusika walikuwa watu wema, na walifanya hivyo kwa sababu kwenda sokoni wawili wawili kila wiki kunachosha. Mkiona kazi hiyo imewashinda, punguzeni idadi ya mauzo kwa mwezi, msipunguze hatua. Wapo wanazuoni wanaoruhusu mwanachama awe wakala wa kikundi katika kununua, lakini kwa kikundi kichanga kama chenu ningependa anunue mwingine, na risiti iwe ya kikundi siku zote.

Si kila haja ni bidhaa, hata hivyo. Mama lishe anayedaiwa kodi ya kibanda hawezi kuuziwa kodi. Kwa haja za namna hiyo bakizeni mlango wa karadha bila nyongeza, wenye kikomo kidogo tu, tuseme 50,000, na muda mfupi. Anayetaka zaidi ya hapo aje na orodha ya bidhaa.

Mkipata mwanachama mwenye safari kubwa, kwa mfano anayekwenda Kigoma kununua dagaa Kibirizi na kurudi nao kwa treni, mudharaba ingefaa zaidi kuliko murabaha. Kikundi kinatoa mtaji, yeye anatoa kazi, na mnakubaliana mgawo wa faida kwa sehemu, si kwa kiasi kilichotajwa. Manunuzi yakiwa 1,000,000, usafiri na ushuru 120,000, na mauzo 1,480,000, faida ni 360,000; kwa mgawo wa sitini kwa arobaini yeye anapata 216,000 na kikundi 144,000. Dagaa wakinyeshewa wakaharibika bila uzembe wake, kikundi kinapoteza fedha na yeye anapoteza jasho lake, na hana deni. Ugumu wake ni daftari la safari, kwani lazima kila gunia na kila nauli iandikwe, na kwa sasa sioni kama mko tayari. Subirini mwaka wa pili.

Sasa nije kwenye sanduku la pili, ambalo ndilo jibu hasa la barua yako.

Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, Tabora ilikuwa mkoa wenye kiwango kikubwa kuliko yote nchini cha watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na malaria, asilimia 23. Kwa kikundi chenu hiyo ina maana kwamba ugonjwa ni gharama ya kawaida ya biashara kama ulivyo ushuru wa soko, na kikundi kinachouchukulia kama ajali ya nadra kitashtushwa kila mwaka. Najua kwamba sera inasema wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wahudumiwe bila malipo, na haki hiyo muidai kila mnapostahili. Lakini wewe na mimi tunajua ya wodini. Kuna dawa iliyoisha inayotakiwa kutafutwa duka la nje, kuna bajaji ya usiku, kuna uji na chai ya mgonjwa na ya anayemwuguza, na juu ya yote kuna genge lililofungwa. Mama aliyelaza mtoto siku nne anarudi na kukuta tenga la nyanya limeshaanza kutoa maji, na mteja aliyezoea kununua kwake ameshazoea kwa jirani. Hasara hiyo haionekani kwenye karatasi yoyote ya hospitali, lakini ndiyo inayokata mtaji.

Mfuko wa ugonjwa basi uanzishwe kwa mkataba wa tabarru, yaani kila mmoja anatoa kwa nia ya hiba ya kusaidiana, si akiba na si hisa. Matokeo yake katika kanuni ni makubwa na lazima yaelezwe kabla mtu hajatoa shilingi ya kwanza: anayetoka kikundini harudishiwi alichotoa katika mfuko huo, ambaye hakuugua mwaka mzima hadai chochote, na aliyeugua hadaiwi. Wengi hukubali hili kwa mdomo na kulikataa mwaka unapoisha, kwa hiyo liandikwe na kila mmoja aweke sahihi au dole gumba.

Kila mwanachama akitoa 500 kwa wiki, mwaka mzima mnapata 624,000. Kwa kiasi hicho ningeweka viwango viwili tu. Cha kwanza ni 20,000 zinazotolewa siku ile ile mwanachama, mumewe au mtoto wake anapopelekwa kulazwa, bila kikao na bila maswali, kwa ajili ya nauli na chakula. Cha pili ni hadi 100,000, mara moja kwa kaya kwa mwaka, kwa upasuaji au kulazwa kwa siku nyingi, kwa kuonyesha karatasi za matibabu. Wagonjwa wanne wa kiwango cha pili wanakula 400,000, na zinazobaki zinatosha misaada kumi na mmoja ya kiwango cha kwanza. Mwaka uliopita mlikuwa na matatizo makubwa matatu yaliyofahamika, kwa hiyo nafasi ipo, ingawa si pana. Ziada ikibaki isigawanywe kama faida. Ivuke kwenda mwaka unaofuata, au iwakatie kadi za afya wanachama walio hoi zaidi. Na mfuko ukikauka kabla ya mwaka kwisha, pitisheni mchango. Msikope kutoka sanduku la biashara. Hapa sina mjadala, kwa kuwa mlango huo mdogo ndio uliowafikisha mlipo.

Wanaotoa uamuzi wawe watatu, wanaojua kunyamaza. Mwanamke aliyepoteza mimba asilazimike kusimama mbele ya wenzake 23 siku ya Jumamosi kueleza kilichompata ili apewe 100,000. Daftari la mfuko liandike tarehe, namba ya mwanachama na kiasi, basi. Karatasi za matibabu wazione hao watatu na zirudi kwa mwenyewe.

Kuna msaada mwingine ambao haugharimu fedha, nao naupenda kuliko yote. Wekeni zamu ya kushika genge. Mwanachama akilaza mgonjwa, jirani zake wawili wa sokoni ambao ni wanachama wanafungua genge lake nusu siku kwa zamu, wanauza kinachoharibika, wanaandika mauzo kwenye kikaratasi, na jioni wanampelekea fedha pamoja na kikaratasi chenyewe. Nyanya zinauzwa, mteja hapotei, na mama anabaki na kitu cha kurejeshea fungu lake la wiki. Kama mwenzenu ambaye mtoto wake alilazwa angefanyiwa hivyo, huenda jina lake lisingekuwemo kwenye barua yako.

Kuhusu kadi ya bima, hofu yenu ina asili yake. Baraza la Fiqhi nililolitaja lilikaa Jeddah mwaka 1985 na kuamua kwamba bima ya kibiashara, ile ambayo kampuni inauza kinga kwa ada maalumu ili ipate faida, ina gharari, yaani utata wa kutojua nani atapata nini, inayobatilisha mkataba, na katika uamuzi huo huo likaielekeza jamii kwenye bima ya ushirika inayosimama juu ya kuchangiana na kusaidiana. Sasa angalieni Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) uko upande gani. Hauna wanahisa wanaogawana faida. Kaya zinachanga, Serikali inaongeza, na anayeumwa anatibiwa. Jambo hili tena si geni kwetu, kwani majaribio ya kwanza ya CHF nchini yalifanyika mwaka 1996 Igunga, mkoani humu humu, ambako wazee bado wanakumbuka mchango wa serikali uliokuwa ukiitwa tele kwa tele, kabla ya sheria ya mfuko huo kutungwa mwaka 2001. Wanazuoni wengi wanaokataa bima ya kibiashara hawana tatizo na mfuko wa namna hii, na mtakapokwenda kwa sheikh mwulizeni juu yake kwa jina lake, si juu ya bima kwa ujumla, kwa maana swali la jumla huleta jibu la jumla.

Chini ya CHF iliyoboreshwa, kiwango tulichokizoea kilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na matibabu yake yalianzia zahanati na kupanda kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaleta utaratibu mpya wenye vitita vyake, kwa hiyo kabla ya kuchangishana mtumeni katibu zahanati au ofisi ya kata aulize kiwango cha mwaka mnaotaka kujiunga. Mchango wa kadi usichanganywe na zile 500. Kila mwanachama ajiwekee kwa jina lake. Kama bado ni 30,000, kuweka 600 kwa wiki kunafikisha 31,200 mwaka ukitimia, na hiyo ni fedha yake, akiondoka anaondoka nayo. Kadi ibebe malaria, vipimo na dawa za kawaida, na mfuko wenu ubebe kile ambacho kadi haikifikii: bajaji, uji, na siku za kutofanya kazi.

Zaka sitaikalia sana. Zaka ina wanaostahiki wanane waliotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na kikundi cha biashara hakimo. Miongoni mwenu huenda wapo wenye mali iliyofika nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu iliyokaa mwaka wa Kiislamu mzima, ambao wanapaswa kutoa zaka na hawaruhusiwi kuila, kwa hiyo zaka haiwezi kumwagwa sandukuni ikawa mtaji wa wote. Inaweza kupewa mwanachama mmoja mmoja aliye fukara, mkononi mwake, akatie kadi au anunue unga. Pia wamo katika wale wanane wenye madeni yaliyowaelemea. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, akiwa hana kitu na deni liko pale pale, anaweza kuombewa msikitini kwa sifa hiyo, na akipewa akalipa deni, sanduku litakuwa limejaa kwa njia iliyo sahihi. Sadaka ya kawaida haina masharti hayo. Mfadhili akiwapa sadaka kwa ajili ya mfuko wa ugonjwa, pokeeni na mwandikieni risiti.

Nimebakiza wale watatu. Wanaotaka wasamehewe wana huruma, ila wanasamehe mali isiyokuwa yao peke yao. Zile 870,000 zina sehemu ya kila mmoja wa wanachama 24, akiwemo mjane ambaye 2,000 yake ya Jumamosi inatoka kwenye vitumbua. Mwenyekiti hana mamlaka ya kusamehe haki ya huyo, na kura ya wengi haimtoi mtu mali yake. Anayetaka kusamehe asamehe sehemu yake mwenyewe, kwa hiari, na ipunguzwe kwenye deni kwa maandishi, bila majina ya waliosamehe na wasiosamehe kusomwa kikaoni.

Kwa upande wa pili, Surat Al-Baqara aya ya 280 inaamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na hiyo ni haki yake, si fadhila yenu. Kwa hiyo watenganisheni. Yule ambaye mumewe aliumia, ikiwa sasa amerudi kazini, ana uwezo, na mwenye uwezo anayechelewesha deni anadhulumu. Akae na watu wawili, aseme kwa wiki anaweza kiasi gani, hata kama ni 5,000, na iandikwe. Mama wa upasuaji mpeni miezi mitatu bila kudaiwa, na tarehe ya kukutana naye tena iandikwe leo, kwa sababu muda usio na tarehe huishia kwenye kukwepana njiani. Yule ambaye mtoto wake alilazwa, kama genge lake lilikufa, hatalipa mpaka afungue tena. Huyo mtampa mzigo mdogo wa mali kauli kutoka sanduku la biashara, deni la zamani likae kando hadi amalize la mzigo, kisha aanze la zamani kidogo kidogo. Aya ya 282 ya sura hiyo hiyo, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi, kwa hiyo mtu asinung'unike kwamba kuandika ni kutokuaminiana.

Mwisho, jisajilini. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kikundi cha kuweka na kukopeshana kama chenu kiko daraja la nne na kinasajiliwa katika halmashauri. Anzieni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Usajili utawafungulia pia mlango wa mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia nne zake ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na haina riba kwa mujibu wa sheria, jambo ambalo nashangaa kwamba vikundi vingi vya Kiislamu havilifahamu, huku wanachama wao wakiangukia mikopo ya kausha damu. Ila msiombe mwaka huu. Deni la halmashauri likiingia kwenye sanduku ambalo bado linalipia wodi, mwakani mtaniandikia barua ndefu zaidi. Endesheni masanduku mawili kwa miezi kumi na miwili kwanza, kila moja na daftari lake na kufuli zake tatu kwa watu watatu tofauti, na funguo za sanduku la ugonjwa zisiwe kwa yeyote mwenye ufunguo wa sanduku la biashara. Mkienda kujisajili bebeni katiba iliyosainiwa kila ukurasa, muhtasari wa kikao kilichoipitisha, na orodha ya wanachama, na nakala ya vyote ibaki kwa mweka hazina.